Nguvu Iache Mwisho

Hotuba hii, ya namna ya kuiandaa pikipiki ya barabarani kwa ajili ya uwanja wa mbio, niliitoa Jumamosi iliyopita, Tanga, mbele ya waendesha pikipiki. Waliozuiwa na mvua wameniomba niiandike, na waliokaa nyuma wanasema spika ilikuwa inakoroma mwanzo hadi mwisho. Basi hii hapa, kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Nyingi zilikuwa za pikipiki yangu ikiwa imelala chini.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa gereji, dada zangu watatu mliokaa mbele, na mmoja wenu namwona ana helmeti nzuri kuliko yangu, na ninyi wadogo zangu wa bodaboda mliosimama mlangoni mkilinda vyombo vyenu: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo?

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mzee, vijana wanataka kukodi eneo lililofungwa, wakimbizane humo badala ya kukimbizana njia ya Pangani. Pikipiki walizo nazo ni kuukuu. Njoo uwaambie wazifanyeje." Nikamuuliza, wamekwisha kununua nini? Akacheka. Akasema, yupo mmoja kanunua ekzosi.

Nani huyo aliyenunua ekzosi? Nyoosha mkono, usione haya. Mimi sikucheki, mdogo wangu. Mimi nilinunua mbili.

Nilikaa Leicester, Uingereza, miaka 11. Usiku nikifunga maboksi kiwandani, asubuhi nalala, na Jumapili moja moja, mshahara ukiruhusu, naenda Mallory Park. Ni uwanja mdogo wa mbio, kilomita mbili na kidogo mzunguko mzima, hauko mbali na mji. Unalipa, unapangwa kwenye kundi la wenzako wa kasi yako, unaingia dakika 15 au 20, unatoka unapoa, unaingia tena. Hakuna kombe. Kuna kona moja ndefu ya kulia, Gerards, unalala nayo mpaka shingo inauma. Na kuna nyingine, Shaws, imekunjwa kama kiwiko, inakurudisha ulikotoka.

Pikipiki yangu ilikuwa Suzuki SV650 ya mwaka 1999, mwaka ule ule aina hiyo ilipotoka. Silinda mbili zimekaa kama herufi V, cc 645, nguvu za farasi kama 70. Tangi limebonyea, ubavu wa kushoto una kovu. Niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi, na Waingereza nao waliipenda uwanjani kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nianze na swali. Pikipiki iliyozaliwa barabarani inaweza kushinda uwanjani?

Tarehe 23 Aprili 1972, pale Imola, Italia, zilifanyika mbio za maili 200 kwa pikipiki zenye asili ya barabarani. Ducati wakaziandaa 750 zao. Walipompigia simu mwendeshaji mmoja Mwingereza, Paul Smart, hawakumkuta nyumbani. Mkewe, Maggie, ndiye aliyepokea, na akamkubalia kazi hapo hapo. Dada zangu, mnasikia? Mume anarudi, anakuta ameshaajiriwa. Smart akashinda, na mwenzake wa Ducati, Bruno Spaggiari, akawa wa pili. Siwadanganyi kwamba zilikuwa vile vile za dukani: vichwa vya injini vilikuwa vipya, vali zake zinafungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi. Lakini fremu! Fremu zile bado zilikuwa na masikio ya kufungia stendi ya kati. Stendi ya kati, jamani, ile unayoipandishia pikipiki ukifika sokoni!

Kwa hiyo inaweza. Swali lililobaki ni uanze wapi, na hapo ndipo mimi nilipopotea.

Siku yangu ya kwanza Mallory nilifika na ekzosi mpya na filta mpya ya hewa. Nilikuwa nanguruma kama lori la mkonge. Naingia Gerards, najiona mtu, mara upande wa nje ananipita mama wa umri wangu, ana Honda CB500, ekzosi ya kiwandani, kimya kama cherehani. Amenipita nje! Nikampata mbele kidogo kwenye mnyoofu. Kona iliyofuata akanipita tena, na sikumwona mpaka muda ulipokwisha.

Wakati wa chai nikamfuata. Nikamwambia, mama, una nini humo ndani? Hakunijibu. Alikuja kwenye pikipiki yangu, akaweka kiganja juu ya hendeli, akakandamiza. Mbele ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, ikapanda, kama kitanda cha springi cha nyumba ya wageni. Akaniambia, "Hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine."

Ndugu zangu, neno hilo nimelibeba mpaka leo. Pikipiki ya barabarani imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kiwandani hawakujui. Hawajui una kilo 60 au 95. Wanajua tu kwamba atakuwepo mtu, huenda akapakia mwenzake, huenda akabeba gunia, atapita kwenye mashimo, na hataki kuumia mgongo. Wakamwekea springi laini zinazomtosha kila mtu kidogo. Uwanjani hakuna kila mtu. Uko wewe.

Hapa Tanga sina haja ya kufundisha mtu maana ya farumi, ule uzito wa kutuliza chombo majini. Jahazi tupu hulewalewa, jahazi lililoshiba mno linakunywa maji. Nahodha anataka likae kwenye maji yake. Pikipiki nayo ina maji yake. Ukiipanda inatakiwa izame kiasi fulani, isizidi, isipungue. Ikizama sana mbele, ukikaba breki foku, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, zinafika mwisho, na hapo tairi linadunda badala ya kushika. Isipozama kabisa, tairi linaruka juu ya kila kijiwe.

Kupima ni bure. Chukua kile kikamba cha plastiki wanachofungia mafundi umeme, kifunge kwenye bomba la foku linalong'aa, kisukume mpaka kiguse sili. Panda taratibu na mavazi yako yote, helmeti na buti, mwenzako akushikilie usawa, kaa kama unavyokaa ukikimbia. Shuka taratibu. Sasa wenzako wainue mbele mpaka gurudumu lining'inie na foku zinyooke zote, upime kutoka kwenye sili mpaka kwenye kikamba. Rula ya mtoto wa shule inatosha. Uwanjani mbele tunataka milimita 30 hadi 35, nyuma 25 hadi 30 hivi. Yangu ilitoa 48.

Milimita 48 mbele! Nilikuwa nimetumia mshahara wa wiki nzima kuongeza sauti, na pikipiki yenyewe imekaa kama ngamia anayepiga magoti.

Springi mpya ziligharimu chini ya nusu ya bei ya ekzosi. Mimi nina kilo 80 na ushei, nikaweka za 0.90, yaani kilo 0.90 kuikandamiza springi milimita moja. Lakini springi peke yake ni nusu ya kazi. Springi inasukuma, nani anaizuia isirudi kwa fujo? Ni oili iliyomo ndani ya foku, ikipita kwenye vitundu. Foku za pikipiki nyingi za zamani, na SV yangu ikiwemo, ndani zina kifimbo kitupu kilichotobolewa vitundu, basi. Ukipita tuta polepole, oili inapita kwa urahisi mno, foku zinayumba. Ukigonga kijishimo kwa kasi, oili haina pa kupita, foku zinakuwa jiwe. Yaani inalegea pale unapotaka ikaze, inakaza pale unapotaka ilegee.

Dawa yake ni kijidude chenye ukubwa wa kizibo cha chupa, vali yenye kijispringi chake, kinakaa juu ya kile kifimbo chini ya springi kubwa. Unatoboa vitundu vya kifimbo viwe vikubwa ili visizuie tena kitu, kazi yote ya kuzuia unaikabidhi vali. Niliifanya jikoni, oili ya foku imo ndani ya sufuria ya ugali. Mke wangu hajaisahau sufuria ile. Nyuma nikaweka shokapu iliyotumika, ya Suzuki GSX-R, iliyotolewa kwenye pikipiki iliyoanguka. Ilihitaji kusogezwasogezwa kidogo, ikakaa.

Niliporudi Mallory sikugusa injini. Sikugusa hata plagi. Gerards ile ile, na kwa mara ya kwanza nikasikia tairi la mbele linaniambia kitu.

Bado tuko kwenye kukutosha wewe. Kuna jambo la kulala kona. Ukikaza kulala, kitu fulani kitagusa lami, na kikiwa kigumu kitainua gurudumu. Wamarekani walipoanzisha ubingwa wao wa Superbike, mbio za pikipiki kubwa zenye asili ya barabarani, mwaka 1976, kulikuwa na BMW R90S, pikipiki ya waungwana, ya kusafiria mbali. Injini yake ina silinda mbili zimenyooshwa kulia na kushoto kama mikono ya mtu anayepita kwenye ukuta mwembamba. Ukilala, vifuniko vya vichwa vinasaga barabara. Watu wa timu ile walifanya nini? Waliinua injini ndani ya fremu, wakabadilisha mkao wa nyuma, wakatafuta kila milimita ya nafasi. Kule Daytona, Florida, mwaka huo huo, Steve McLaughlin na Reg Pridmore, wote wawili juu ya BMW hizo, walimaliza wamebanana hivi kwamba ilibidi iangaliwe picha. McLaughlin akapewa ushindi. Pridmore akaja kuchukua ubingwa wa msimu mzima. Kwa pikipiki ya waungwana!

Yangu ilikuwa inasaga futiresti. Nikanunua vibao vya kuzipandisha juu na kuzirudisha nyuma. Magoti yalilalamika mwezi mmoja. Sina la ziada hapo.

Sasa nihamie kwenye vitu vinavyokushika na vinavyokusimamisha. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Tairi. Nani anajua tairi lake lilizaliwa lini? Mikono... mmoja, wawili. Wengine? Ubavuni mwa tairi, mwisho wa ile mistari ya herufi, kuna kijisanduku chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwaka jana niliingia duka moja, silitaji, nikaonyeshwa tairi "jipya kabisa, mzee, nywele zake bado". Kweli, vinywele vya mpira vilikuwepo vyote. Nikageuza ubavu: 0711. Wiki ya saba ya mwaka 2011. Lilikuwa jipya kama nazi kavu ilivyo mpya, halijatumika ila limekauka. Mpira mkavu hautakuambia kwamba ni mkavu. Utalala nao kona ya kwanza, ya pili, na ya tatu utakuwa unaangalia mawingu.

Upepo vilevile. SV yangu kitabu chake kilisema psi 33 mbele na 36 nyuma, kwa barabara. Uwanjani tairi linapata moto, na upepo wa ndani unapanda, kwa hiyo huanzia chini, mimi nilikuwa naanzia 30 mbele na nyuma nikishuka kidogo. Kila tairi lina maelekezo ya waliolitengeneza; yafuateni hayo, msinifuate mimi. Na pimeni likiwa baridi, kwa geji yenu wenyewe. Geji ya kituo cha mafuta ni ya kukisia.

Breki. Siku yangu ya tatu uwanjani, mzunguko wa tano, nashuka kuelekea Shaws. Navuta breki ya mbele. Mkono wa breki unakuja, unakuja, unagusa hendeli. Hakuna kitu! Nikapampu mara mbili, ikashika kidogo, nikapitiliza majanini nikisema dua zote nilizofundishwa madrasa, na moja ambayo sikufundishwa. Nilisimama nikiwa wima. Mlinda bendera mmoja akanipigia makofi. Sikuyapenda makofi yale.

Kilichotokea ni hiki. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230. Yakishakunywa maji, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Yangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, sijui yaliwekwa lini. Mzunguko wa tano kalipa, vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, zimepata moto, yakachemka, yakatoa mapovu, na povu ukilikandamiza linanywea badala ya kusukuma pedi. Sasa jiulizeni: kama Leicester mafuta yanakunywa maji, hapa Tanga, kwa unyevu huu wa bahari, si yanaogelea? Badilisheni kabla ya kila msimu, tumieni kopo lililofungwa, na kopo lililobaki nusu tangu mwaka jana msimpe hata adui.

Baada ya hapo nikaweka hozi zilizosukwa kwa nyuzi za chuma, kwa sababu za mpira wa zamani hutanuka ukikaba, na pedi za kazi nzito. Diski sikubadilisha. Zilinitosha mpaka nilipoiuza.

Mnaona mpaka sasa hatujaongeza hata farasi mmoja? Subirini kwanza. Kuna la tatu, na hili halikuhusu wewe peke yako.

Jumapili moja walinyanyua bendera nyekundu, tukatolewa wote. Pikipiki moja ilikuwa imetupa boliti ya kumwagia oili. Ile boliti ndogo ya chini ya injini, ya spana moja tu. Aliyeitupa hata hakuanguka. Oili ilikuwa nyuma yake. Waliofuata wawili ndio walioanguka, mmoja akavunjika mfupa wa bega. Wakamwaga unga wa saruji, wakafagia, wakamwaga tena. Tulikaa dakika 40 tukiangalia mifagio. Mwenye pikipiki alikaa peke yake upande ule wa uzio, hakuna aliyemtukana, na nadhani angetamani atukanwe.

Kwa hiyo boliti ile hufungwa kwa waya. Mbio zenyewe, zile za kushindania, ukaguzi hautakupitisha bila hiyo. Nitawaeleza ninavyofanya, maana inaonekana rahisi. Unaitoa boliti, unaibana kwenye jiliwa, katikati ya vibao viwili laini isiumie nyuzi zake. Kwa tupa unaila kidogo pembe moja ya kichwa, ipate kijiuso bapa. Unapiga alama kwa ncha ya chuma, la sivyo biti inateleza kama kamba kwenye mafuta. Biti ya milimita moja na nusu, keekee mwendo wa taratibu, tone la oili, usikandamize. Unatoboa kutoka uso mmoja kutokea uso wa jirani, kwenye pembe tu, usipite katikati. Boliti yangu ya kwanza ilinila biti tatu na saa nzima. Halafu unapitisha waya usioshika kutu, unazisokota ncha zake mbili pamoja mpaka ufike kwenye kitu kisichosogea, na mvuto wake uwe upande wa kukaza. Sikieni: upande wa kukaza! Mara ya kwanza niliufunga kinyume. Mkaguzi aliuangalia, akaniangalia mimi, akasema kwa adabu zote kwamba nimefanya kazi nzuri ya kuhakikisha boliti inafunguka.

Kwenye rejeta, mwageni kulanti, ile dawa ya kupozea injini, wekeni maji matupu safi yasiyo na chumvi. Kulanti ikimwagika lami inateleza kama kambare, na haikauki upesi. Kule Ulaya ikifika baridi lazima uyatoe maji yale yasije yakaganda yakapasua injini. Hapa kwetu hilo halituhusu, Mungu ametupendelea. Mbio kubwa pia hutaka ganda la chini ya injini liwe kama beseni, liweze kukinga angalau nusu ya oili na maji yote ya injini. Ukiwa na fundi wa kutengeneza boti za fiba hapa mjini, hiyo ni kazi ya siku mbili.

Vitu vya kutoa mnavijua: taa, indiketa, vioo, stendi, futiresti za abiria, kibao cha namba. Kwanza vinapunguza uzito, pili vikivunjika vioo vinasambaa. Wekeni kila boliti kwenye kifuko na kuandika, vile vifuko vya karanga vinafaa sana. Na kama pikipiki ni hiyo hiyo ya kuendea kazini Jumatatu, zibeni taa kwa karatasi ya gundi, ondoeni vioo, yatosha.

Haya. Sasa nguvu. Naona mmekaa sawa.

Nguvu ya bei rahisi kuliko zote iko kwenye sproketi ya mbele, ile gia ndogo inayovuta mnyororo. SV ilikuwa na meno 15. Nikaweka 14. Kasi ya mwisho ilipungua, lakini Mallory kasi ya mwisho utaitumia wapi? Nikitoka Shaws ilichomoka kama kuku aliyeona mwewe. Kijichuma cha bei ya chakula cha mchana!

Zaidi ya hapo, nataka niwaambie habari za mzee mmoja wa Invercargill, mji wa kusini kabisa wa New Zealand. Aliitwa Burt Munro. Mwaka 1920, akiwa kijana, alinunua Indian Scout mpya, pikipiki ya barabarani ya karibu cc 600, kasi yake kilomita 90 kwa saa kwa shida. Hakuiuza. Aliichonga kwa zaidi ya miaka 40, bandani, kwa zana alizotengeneza mwenyewe. Pistoni alisubu mwenyewe. Injini akaitanua mpaka cc 950 hivi. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliipeleka kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya zaidi ya kilomita 295 kwa saa kwa daraja la chini ya cc 1000. Pikipiki ya mwaka 1920!

Vijana hupenda kipande hicho cha rekodi. Mimi napenda rafu yake. Bandani alikuwa na rafu ya pistoni zilizopasuka, fimbo za pistoni zilizokatika, vyuma vilivyoyeyuka, na ameandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi. Miaka 40 ya sadaka. Mnataka kuongeza farasi 15 kwenye injini yenye kilomita 60,000? Inawezekana. Andaeni rafu.

Ekzosi yangu ya pili, kama mlitaka kujua, ilikataliwa getini. Viwanja vingi vya Uingereza hupima kelele kabla hujaingia, na kikomo kinachotajwa mara nyingi ni desibeli 105 pikipiki ikiwa imesimama. Nilirudi nyumbani na ekzosi nzuri sana, nikiwa sijaendesha hata mzunguko mmoja.

Mwisho, eneo. Msikate tamaa kwamba hatuna uwanja. Silverstone, Snetterton, Thruxton, vyote vilianza kama viwanja vya ndege vya vita vya pili vya dunia. Vita vilipokwisha watu wakayaona maeneo ya lami yamelala bure. Lakini eneo bila gari la wagonjwa, bila watu wenye bendera wanaoonana kona kwa kona, bila mavazi ya ngozi na buti, hilo mimi sitakanyaga, na Mwenyekiti nimemwambia mbele ya watu. Nimemaliza. Karibuni maswali.

Maswali yalikuwa mengi, mengi yake kuhusu bei. Nitaeleza moja tu. Kijana mmoja wa bodaboda alisema, "Mzee, hizo Suzuki na Ducati ni zako. Mimi nina Boxer hii hii. Unaniambia nini?" Nikamwambia, iingize ndani. Akaiingiza, tukaipandisha kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia, mmoja akashika rula kutoka kwenye ekseli hadi alama tuliyoipiga chini ya kiti. Tukaishusha, kijana akapanda, tukapima tena. Imezama milimita 12. Ngumu kama meza. Nikamwomba yule dada mwenye helmeti nzuri apande nyuma. 29.

Ukumbi ukalipuka. Pikipiki ile ilikuwa sawasawa kabisa kwa uwanjani, ila ilikuwa inamsubiri abiria. Kijana akauliza, "Kwa hiyo nipakie kwenye mbio?" Nikamwambia hapana, legeza kola ya springi, ile pete inayoikaza, ngazi mbili. Akatafuta spana, akashika kola ile, haikusogea. Wakaja mafundi wawili kumsaidia, haikusogea. Imefungwa vile tangu siku aliyoinunua, imegandishwa na kutu na matope ya mvua za masika. Tukaimwagia mafuta ya taa, tukaiacha ilowe, tukaenda kunywa chai.